Caroline Herschel: Walimpangia jikoni, akaishia kusoma anga

Kuna watoto ambao maisha yao hupangwa hata kabla hawajajua kuuliza wanataka nini. Caroline Herschel alikuwa mmoja wao. Akiwa bado msichana, ilishaamuliwa nyumbani kwamba kazi yake duniani ni kupika, kufua na kufuma soksi za kaka zake. Masomo ni yale ya kujua kusoma na kuandika tu, basi.

Sasa angalia alipofika. Alipofariki mwaka wa 1848 akiwa na miaka 97, alikuwa amegundua nyota nane zenye mkia, amelipwa mshahara na mfalme wa Uingereza na kutuzwa medali mbili za dhahabu kwa kazi ya kuchunguza anga.

Na katika maisha hayo yote hakuwahi kukariri jedwali la kuzidisha. Alikuwa nalo kwenye karatasi, akilihitaji anachungulia.

Wengi wanaomjua humtaja kama dadake William Herschel, yule aliyegundua sayari ya Uranusi. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya stori. Nusu nyingine ni ya mtu aliyetumia miaka mingi akifanya kazi za wengine, halafu usiku mmoja akajipata peke yake na darubini, bila mtu wa kumtuma.

Ndui, homa na sufuria

Caroline alizaliwa Machi 16, 1750 mjini Hanover, katika Ujerumani ya leo. Babake, Mzee Isaac, alikuwa mwanamuziki katika bendi ya jeshi, na nyumba ilikuwa imejaa watoto na vyombo vya muziki.

Akiwa mdogo sana alipata ndui, ikamwachia makovu usoni. Alipofika miaka 10 akaangushwa na taifasi, ile homa kali inayoletwa na chawa. Alipona, lakini mwili ukagoma kukua. Maisha yake yote alibaki na kimo cha takriban sentimita 130. Hicho ni kimo cha mtoto wa Gredi ya 3.

Enzi hizo msichana asiye na mali wala sura ya kusifiwa alihesabiwa kuwa hana bahati ya ndoa. Hata babake aliyempenda alimweleza wazi kwamba asitarajie kuolewa mapema.

Mzee Isaac angalau alitaka asome. Mamake, Anna, hakutaka kabisa. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa ameona wavulana wake wakisoma, wakaerevuka, kisha wakafunganya na kwenda mbali. Kwake elimu ilikuwa kitu kinachoiba watoto. Kwa hivyo huyu mmoja angebaki.

Mzee alikuwa akimfundisha fidla kwa kuiba, mama akiwa ametoka au akiwa na furaha. Na usiku mmoja wa baridi, anga ikiwa safi, alimtoa nje barabarani akamwonyesha makundi ya nyota na nyota yenye mkia iliyoonekana wakati huo. Mtoto akaona, kisha akarudi ndani kwenye sufuria.

Isaac alifariki mwaka wa 1767. Caroline alikuwa na miaka 17, na yule mtu mmoja aliyekuwa akimtetea pale nyumbani akawa hayupo tena.

Kuimba Bath, kusaga mavi ya farasi

Aliyemtoa pale ni kakake William, aliyemzidi umri kwa miaka 11. William alikuwa amehamia Uingereza, akawa mpiga kinanda cha kanisa na mwalimu wa muziki katika mji wa Bath. Mwaka wa 1772 alirudi Hanover kumchukua dadake akajaribu bahati ya uimbaji.

Mama alikubali kwa sharti la pesa. William aliahidi kumtumia kiasi fulani kila mwaka ili aandike mfanyakazi wa nyumbani. Yaani nafasi ya Caroline katika familia ilijazwa na mjakazi wa kulipwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Alifika Bath akiwa na miaka 22, Kiingereza chake kikiwa cha kuokoteza. William alimfundisha kuimba, lugha, hesabu na kuweka vitabu vya matumizi ya nyumba, mara nyingi wakiwa mezani wakila kiamshakinywa. Na Caroline alijua kuimba, si mchezo. Alifikia kuwa mwimbaji mkuu katika maonyesho ya muziki, na mwaka wa 1778 akapewa mwaliko wa kuimba katika tamasha la Birmingham. Aliukataa. Hakutaka kuimba mahali ambapo kakake hakuwa akiongoza.

Ila kufikia hapo kakake alikuwa amepagawa na nyota.

William hakusomea elimu ya anga popote. Alianza kwa kusoma vitabu usiku baada ya kazi. Alipoona darubini nzuri ni ghali na zile za bei nafuu hazimtoshi, akaamua kutengeneza zake. Kioo cha darubini siku hizo hakikuwa cha gilasi. Kilikuwa cha shaba iliyochanganywa na bati, kikasuguliwa hadi king'ae. Ukianza kusugua huwezi kuacha ovyo, la sivyo kioo kinaharibika. Kuna siku William alisugua saa 16 bila kuondoa mikono, na Caroline akawa anamtilia chakula mdomoni kama mtoto.

Kalibu ya kumiminia chuma hicho ilitengenezwa kwa udongo uliochanganywa na mavi ya farasi. Kazi ya kuyatwanga na kuyachekecha ilimwangukia nani? Ndiyo, Caroline. Mwaka wa 1781 chuma cha moto kilivuja kikamwagika sakafuni, na mawe ya sakafu yakaanza kulipuka. William na mafundi wake walitimua mbio.

Mwaka huo huo, Machi 13, 1781, William aliona kitu kisichofanana na nyota za kawaida. Alidhani ni nyota yenye mkia. Kumbe ni sayari. Tangu zamani za kale watu walikuwa wamejua Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hii, Uranusi, ilikuwa ya kwanza kugunduliwa kwa darubini, na aliyeiona ni mwalimu wa muziki akiwa kwenye bustani ya nyumba yake.

Mfalme George III alimpa William pauni 200 kwa mwaka. Zilikuwa chache kuliko alizopata kwenye muziki, lakini zilimtosha kuacha kibarua na kuangalia nyota wakati wote. Mwaka wa 1782 walihamia Datchet, karibu na kasri la Windsor, ili familia ya kifalme iwe ikionyeshwa anga kila ilipotaka.

Hakuna aliyemuuliza Caroline kama anataka kuacha kuimba.

Karani wa usiku

Kule Datchet kakake alimpa darubini ndogo na kumwambia apekue anga, aandike chochote cha ajabu. Mwanzoni hakupenda. Fikiria kukaa peke yako kwenye nyasi zenye umande, baridi ikikutafuna, hakuna hata mtu wa kupiga naye gumzo. Lakini taratibu jicho lilizoea.

Mnamo Februari 26, 1783 aliona kundi la nyota ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote, si mbali na Siriasi, ile nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Septemba akaona doa refu la mwanga ambalo leo tunajua ni galaksi nzima. Oktoba akaongeza kundi lingine zuri la nyota, ambalo wapenzi wa anga huliita Waridi la Caroline. Katika mwaka mmoja tu, mtu aliyepangiwa soksi alikuwa akiongeza vitu kwenye ramani ya anga.

Kisha kazi yake ikasimamishwa. William aliona hayo madoa yanayopatikana, akaamua kuyatafuta yeye mwenyewe kwa darubini ya futi 20, na alihitaji karani.

Mpango ulikuwa hivi. William alikaa juu kwenye jukwaa, jicho kwenye darubini. Hangeweza kuandika, kwa sababu ukitazama mshumaa hata mara moja, jicho linapoteza ule uwezo wa kuona gizani na inachukua muda mrefu kurudi. Kwa hivyo alitangaza kwa sauti alichoona, na Caroline, ndani ya dirisha akiwa na saa, mshumaa na ramani, akaandika. Darubini ilitulia upande mmoja, nayo anga ikazunguka. Ukijua ni saa ngapi kamili na darubini imeinuliwa kiasi gani, unajua kitu kiko wapi. Saa ilikuwa kwa Caroline, na kalamu pia. Asubuhi ni yeye tena aliyepiga hesabu zote na kunakili kwa usafi, ile karatasi ya jedwali ikiwa karibu.

Kwa njia hiyo walikusanya makundi ya nyota na mawingu ya anga karibu 2,500 katika miaka 20 hivi. Kabla yao, orodha maarufu ya Mfaransa Charles Messier ilikuwa na vitu 103.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Usiku wa Desemba 31, 1783, theluji ikiwa chini, Caroline alikimbia gizani kurekebisha mtambo wa darubini akateleza juu ya chuma chenye ndoano. Kikamwingia mguuni juu ya goti. Walipomwinua, kipande cha nyama kilibaki kwenye ndoano. Alijitibu mwenyewe siku za kwanza. Baadaye alipokumbuka ajali hiyo, alichojifariji nacho ni kwamba usiku ule mawingu yalitanda, kwa hivyo kakake hakupoteza kazi nyingi. Manze, huyo ndiye mtu tunayemzungumzia.

Bosi akisafiri

Katikati ya mwaka wa 1786 William alisafiri hadi Ujerumani kupeleka darubini aliyotumwa na mfalme. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, Caroline alikuwa na nyumba, anga na usiku wake. Wakati huo walikuwa wamehamia Slough.

Alikuwa na darubini ndogo ambayo kakake alimtengenezea. Kioo chake kilikuwa na upana wa takriban sentimita 10. Haikukuza sana, lakini ilionyesha eneo pana la anga, kama la miezi minne iliyopangwa sako kwa bako. Kwa kusaka nyota zenye mkia hiyo ndiyo nzuri, kwa sababu unafagia eneo kubwa kwa muda mfupi.

Nyota yenye mkia si nyota hasa. Ni bonge la barafu na vumbi linalozunguka jua. Likiwa bado mbali mkia hauonekani, linafanana tu na doa la ukungu. Shida ni kwamba anga imejaa madoa ya namna hiyo ambayo si nyota zenye mkia. Utajuaje? Unaandika lilipo leo, unarudi kesho. Likiwa limesogea, umelipata.

Agosti 1, 1786, baada ya kutwa nzima ya kupiga hesabu za mawingu 100, Caroline alitoka nje akafagia anga akaona doa. Hakupiga kelele. Aliliandika na kungoja. Usiku uliofuata mawingu yalimsumbua, lakini yalipofunguka doa lilikuwa limesogea. Hakungoja kakake arudi. Aliandika barua kwa Chama cha Kifalme cha sayansi mjini London na kwa wachunguzi wengine wa anga ili nao waitafute.

Walipoitafuta, ilikuwa pale pale alikosema.

Mwaka uliofuata, 1787, mfalme alikubali kumlipa pauni 50 kwa mwaka kama msaidizi wa William. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Uingereza kulipwa mshahara kwa kazi ya sayansi. Malipo yake ya kwanza ya robo mwaka yalikuwa pauni 12 na nusu. Alikuwa na miaka 37, na hizo ndizo pesa za kwanza maishani alizojiona huru kutumia apendavyo.

Zilikuja kwa wakati wake. Mei 1788 William alioa mjane aitwaye Mary Pitt. Caroline, aliyekuwa ameendesha nyumba ile kwa miaka 16, alikabidhi funguo akahamia vyumba vya kupanga. Alikuwa na daftari la kumbukumbu lililohusu miaka ya 1788 hadi 1798. Baadaye aliliharibu. Hatuna maneno yake ya kipindi hicho, lakini mtu hachomi kumbukumbu za miaka kumi kwa sababu ya furaha. Wakati ulipopita alimpenda wifi yake, na John, mtoto wao, akawa kama wake.

Ila tazama hesabu hii. Kabla ya mshahara, alikuwa na nyota moja yenye mkia. Kati ya 1788 na 1797, akiwa analipwa, anaishi kivyake na kazi ya kuendesha nyumba imemtoka, aliona saba zaidi. Si zote alizowahi kabla ya wengine, maana moja Messier alikuwa ameitangulia. Ile ya 1788 ilipotea ikarudi mwaka wa 1939, na inatarajiwa tena 2092. Ile ya 1795 ndiyo Enke, inayorudi kila baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa. Jina lilikwenda kwa Johann Encke, aliyekokotoa njia yake.

Ya mwisho aliiona Agosti 1797 kwa macho tu. Alilala kama saa moja, akapanda farasi na kusafiri zaidi ya kilomita 40 hadi Greenwich kumwarifu mkuu wa kituo cha anga cha kifalme mwenyewe. Msichana ambaye hakuruhusiwa kusoma sasa alikuwa akibisha hodi pale na kufunguliwa.

Mwaka wa 1798 Chama cha Kifalme kilichapisha kitabu chake kilichosahihisha orodha maarufu ya nyota ya John Flamsteed na kuongeza nyota zaidi ya 550 zilizokuwa zimeachwa nje. Hakikuhitaji ajali wala bahati. Kilihitaji mtu mwenye subira ya kupitia makosa ya mwenzake, mstari kwa mstari.

Kurudi alikotoka

William alifariki Agosti 1822. Kwa majonzi Caroline, aliyekuwa na miaka 72, alifunga virago akarudi Hanover. Alijuta haraka. Mji ulikuwa umebadilika na hata anga ikawa imezibwa na paa za majirani.

Hakukaa bure. Alipanga upya mawingu yote 2,500 ili mpwa wake John aweze kuyapitia tena kwa urahisi. Kwa kazi hiyo chama cha wanaanga cha London kilimpa medali ya dhahabu mwaka wa 1828. Mwanamke mwingine kuipata alikuwa Vera Rubin, mwaka wa 1996. Hebu piga hesabu hiyo mwenyewe: miaka 168.

John alipokwenda Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka wa 1834 kuchunguza anga ya kusini, shangazi yake alikuwa na miaka zaidi ya 80. Badala ya kumwandikia salamu tu, alimkumbusha aichunguze vizuri sehemu ya Nge, ambako William aliwahi kuona mapengo meusi yasiyo na nyota. Leo tunajua mapengo hayo ni mawingu ya vumbi yanayoziba nyota zilizo nyuma yake.

Alipotimiza miaka 96 mfalme wa Prussia alimtumia medali nyingine ya dhahabu. Hadi mwisho alisisitiza kwamba yeye alikuwa chombo tu cha kakake. Wapo wanaosema huo ni unyenyekevu. Kwangu naona ni yale mafunzo ya jikoni yaliyokataa kutoka. Mtu anaweza kufika Greenwich kwa farasi na bado asikie sauti ya nyumbani.

Alizikwa Hanover karibu na wazazi wake. Kwenye jeneza, kwa ombi lake, liliwekwa shungi la nywele za William.

Anga yake ni yetu pia

Ukifungua programu yoyote ya nyota kwenye simu utaona vitu vimeandikwa NGC na nambari. Orodha hiyo ilitoka mwaka wa 1888, na msingi wake ni kazi ya Caroline, William na John.

Lile doa refu aliloliona Septemba 1783 ni NGC 253. Kule Uingereza halipandi hata robo ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, kwa hivyo alilipata chini kabisa, kwenye hewa nzito. Sisi tuko kwenye Ikweta. Hapa Kenya galaksi hiyo hiyo inapanda juu sana usiku wa Oktoba na Novemba, mvua za vuli zikituachia nafasi. Kundi lake la karibu na Siriasi liko vizuri kuanzia Januari hadi Machi. Nge tunayo wazi kabisa kuanzia Juni hadi Agosti. Na Kilimia, iliyowapa wakulima wa zamani wa Waswahili dalili za msimu, huhitaji kifaa chochote.

Darubini ya macho mawili, ile watalii huning'iniza shingoni kule Mara, inatosha kuanza. Subiri usiku usio na mwezi, toka mbali na taa za mji, yape macho dakika 20 gizani na usiguse simu. Beba daftari. Andika tarehe, saa na ulichoona hata kama ni doa tu, kisha urudi kesho uone kama limesogea.